Thamani ya Pijo la Baba

Ilula, 14 Oktoba 2023

Mdogo wangu Vitus,

Kamwene. Natumaini wewe, wifi yangu Blandina na watoto mnaendelea vizuri, na baridi ya Mbeya imeanza kuwaachia. Sisi huku tu wazima. Nyanya zimeshuka bei, wachuuzi wanawagombania abiria wa mabasi kwa kelele, ingawa kelele hizo mimi sasa naziona kwa macho tu. Daktari wa masikio amesema sikio la kushoto limekwisha, la kulia linasikia mtu mmoja akiwa karibu, basi. Simu sishiki tena. Ukinipigia nasikia mvumo, na meseji za kitochi changu haziwezi kubeba haya ninayotaka kukuambia. Ndiyo maana nakuandikia, kama tulivyoandikiana ulipokuwa bweni.

Mwanangu Jackline hataki niendelee kukaa peke yangu. Tangu apate kazi kwenye ofisi ya kiwanda cha mbao Mafinga ananisumbua nihamie kwake, nami nimekubali. Mwezi wa tatu nitaondoka. Nyumba itakuwa na mpangaji, lakini banda la nyuma litabomolewa. Na bandani, kama unavyojua, kuna Pijo la Baba.

Amekuja mtu kuliulizia. Anaitwa Abdulkarim, ni wa Iringa mjini, ananunua magari ya zamani. Ni mtu wa adabu. Alilizunguka akiwa na tochi, hakugusa kitu mpaka aliponiomba ruhusa. Aliona siti zake za ile ngozi nyekundu iliyopasuka, rangi ya maziwa iliyobabuka, kinyesi cha kuku juu ya paa. Nilitaka kumwomba radhi kwa uchafu, akasema, "Mama, mshukuru Mungu kwamba hamkulipaka rangi upya. Gari la mwaka sitini na saba ambalo halijaguswa, silioni kila siku. Likishatengenezwa siwezi kujua kilichokuwa chini ya rangi. Hili najua."

Aliomba kufungua boneti. Nilimwambia waya wake umekatika, amsubiri fundi wa familia. Hajataja bei. Amesema nasi tufikirie yetu.

Wewe ndiye mtu wa spea. Niambie, Vitus: gari hili lina thamani gani? Na uje uliangalie.

Dada yako,
Severina


Mbeya, 6 Novemba 2023

Dada Severina,

Shikamoo. Barua yako niliipata ofisi ya mabasi wiki ileile, na kuchelewa kujibu ni kosa langu. Dukani tumekuwa na mambo mengi. Blandina anakusalimu sana. Mtoto wetu wa mwisho aliugua tumbo lakini amepona. Pole kwa masikio. Nimesikitika kwa kweli.

Kuhusu gari, nakushauri usihangaike. Huyo Abdulkarim anakupamba kwa maneno. Pijo 404 zilikuwa nyingi sana enzi zile, spea zake hazipo tena, na hilo limekaa kwenye unyevu zaidi ya miaka kumi. Ningekuwa wewe ningewaita wanunuzi wa chuma chakavu, wapime kwa kilo, wachukue, yaishe. Huna haja ya kunisubiri mimi. Usikubali pia mtu afungue boneti, kwa sababu bawaba zake zimeliwa na kutu na inaweza kumwangukia mtu mikononi.

Kuja kwa sasa itakuwa vigumu.

Mdogo wako,
Vitus


Ilula, 12 Novemba 2023

Vitus,

Tunashukuru mtoto amepona. Mpe Blandina salamu zangu. Mvua za kwanza zimenyesha, nimepanda mahindi kidogo nyuma ya jiko, ingawa nitakayemwachia ayavune simjui.

Nimesoma barua yako mara tatu. Kwa kilo?

Gari hilo Baba alilinunua mwaka sabini na nne kwa yule Mgiriki wa tumbaku aliyekuwa akiondoka, akauza ng'ombe wake wote isipokuwa mmoja. Kwa miaka mingi hapa Ilula hapakuwa na gari jingine la mtu binafsi. Wanawake wangapi walifikishwa hospitali ya Iringa kwa gari hilo, usiku na mvua, bila kulipa hata senti? Mama naye. Siku ile ya mwisho alikataa kulala siti ya nyuma, akasema anataka kuiona barabara. Aliketi mbele karibu na Baba. Wewe ulikuwa darasa la tano, ulimshikia begi.

Ningeambiwa maneno hayo na mtu wa kupita nisingejali. Lakini wewe umeishi kwa spea za magari miaka kumi na mitatu. Unajua kuliko mimi kwamba hakuna mtu wa biashara yako anayetaja kilo kabla hajaangalia.

Abdulkarim alirudi juzi. Safari hii aliniuliza jambo moja tu. Alisema kama gari lina injini iliyokuja nayo, namba ikalingana na ile iliyoandikwa kwenye kadi ya Baba, atatoa milioni kumi na mbili. Kama injini si yake, bei ni nyingine. Aliniuliza, "Mama, injini hii imewahi kutolewa?"

Nilimwambia atajibiwa na ndugu yangu.

Severina


Mbeya, 20 Desemba 2023

Dada yangu,

Shikamoo. Tunamshukuru Mungu, tu wazima. Nakutumia mchele kilo kumi na kitenge ambacho Blandina amekuchagulia, kondakta ana mzigo wako. Krismasi hii hatutaweza kuja. Watoto wana masomo ya ziada na dukani ndio msimu.

Nisamehe kwa maneno ya kilo. Nilikosa adabu.

Kuhusu swali la huyo mnunuzi, naomba unipe muda.

Vitus


Ilula, 2 Januari 2024

Vitus,

Heri ya mwaka mpya kwako na nyumba yako. Mchele umefika na kitenge kimenipendeza, mwambie wifi asante. Jackline alikuja siku nne. Tulichinja jogoo mmoja, tukala wawili, tukaenda misa ya asubuhi. Nilimwona padri akihubiri, sikuambulia neno.

Nilimkumbuka Baba. Nataka nikukumbushe Krismasi ya mwaka elfu mbili na kumi, kwa sababu tangu siku ile mimi nawe hatujaizungumza. Tulikuwa wote mezani: mimi, wewe na Blandina mkiwa mmeoana mwezi uliopita, Jackline akiwa mdogo. Baba alisimama kabla hatujala. Jicho lake la upasuaji lilikuwa bado linatoa machozi. Alisema, "Wanangu, nawaomba radhi. Kitu pekee cha maana nilichokuwa niwaachie nimekiua kwa ubahili wangu. Ningelinunua mafuta ya petroli stesheni kama watu wengine, gari lingekuwa linatembea."

Kisha akakaa, akakwambia wewe uanze kupakua.

Nakumbuka ulipakua. Nakumbuka ulikula.

Abdulkarim atakuja mwisho wa Februari, baada ya hapo ataacha. Sikuulizi tena bei. Jibu swali lake.

Severina


Mbeya, 28 Januari 2024

Dada Severina,

Shikamoo. Leo sina salamu za watu wengine. Blandina hajui kwamba naandika, na haya ninayoandika hayajui.

Injini iliyomo si ya gari hilo. Niliitoa mimi.

Unakumbuka Agosti ile Baba alipolazwa Iringa kwa ajili ya jicho, wiki tatu, nawe ulikuwa ukilala naye hospitali. Mimi niliachiwa nyumba. Nilikuwa nimewaambia wakwe zangu kwamba nina duka Mbeya. Sikuwa na duka, nilikuwa na meza moja ya kuuzia plagi na mikanda, na harusi ilikuwa Novemba. Chimala kulikuwa na mtu anaitwa Lugano, alikuwa na Pijo pikapu ya kubebea mpunga, injini imemfia. Alikuwa akiitafuta nyingine kila gereji. Nilimwambia Baba yangu amezeeka, anauza. Alikuja na fundi wake na ile injini mbovu, tukabadilishana siku moja, mchana kweupe. Jirani waliopita niliwaambia tunalifanyia gari matengenezo ili Baba akirudi alikute zima.

Alichonipa ndicho kilichofungua duka.

Dada, hilo sio baya kuliko yote. Baba aliporudi alikwenda bandani siku ya pili. Aliwasha, halikuwaka. Aliwasha mpaka betri ikaisha. Akaniita. "Vitus, wewe unaelewa vitu hivi. Limepatwa na nini?" Nilifungua boneti nikasimama kwa namna ambayo asingeona vizuri kwa jicho lile moja. Nilijifanya kuangalia. Nikamuuliza, "Baba, kabla hujaenda hospitali uliweka mafuta ya wapi?" Akasema, ya kidumu, kwa vijana wa barabarani. Nikamwambia, "Basi ndiyo hayo. Wamechanganya na mafuta ya taa. Injini imeungua, Baba."

Hakubisha hata kidogo. Alisema tu, "Kumbe ni mimi."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lilikuja mdomoni, na nikaona linafaa. Tangu hapo kila nilipokuja Ilula nilimkuta Jumamosi ameketi kwenye kigoda bandani, anasafisha plagi kwa msasa, za injini ambayo isingewaka hata kwa miujiza. Ndipo nikaanza kupunguza kuja. Wewe ulidhani ni biashara.

Wiki iliyopita nilikwenda Chimala kuitafuta. Nilifikiri nikiipata nitainunua kwa bei yoyote, niirudishe usiku, niseme haijawahi kutolewa. Lugano amezeeka, anauza mchele kando ya barabara. Alinipokea vizuri, akaniletea kiti. Pikapu aliiuza kwa watu wa chuma chakavu miaka sita iliyopita, pamoja na injini. Nilipoaga aliniambia, "Msalimie sana Mzee. Injini yake ilinilea." Hakujua kwamba Baba amefariki, nami sikumwambia.

Sasa umejua. Mwambie Abdulkarim unavyoona. Ukitaka nisije tena nyumbani, nitaelewa.

Vitus


Ilula, 25 Februari 2024

Vitus,

Nimekaa na barua yako karibu mwezi. Si kwa kukukomoa. Nilikuwa naandika hii na kuichana.

Nilikuwa najua.

Mwaka elfu mbili na kumi na mbili Baba aliniomba nimletee fundi mwingine, asitokee Mbeya, ili wewe usijisikie kudharauliwa. Nilimleta fundi Zabron kutoka Iringa. Baba aliketi kwenye kigoda, Zabron akafungua boneti, akaomba kadi ya gari. Alifuta injini kwa kitambaa, akasoma namba, akaisoma tena. Kisha alinivuta pembeni. "Mama, injini hii imetoka kwenye gari jingine. Ile ya kwenye kadi imechukuliwa. Nani ana ufunguo wa banda?"

Sikuhitaji kufikiri. Nilimwambia, "Mwambie imeungua, haifai."

Akasema, "Uongo siusemi. Naweza kunyamaza, basi."

Akanyamaza. Baba akamuuliza, "Ni mafuta, eti?" Zabron akainamia vyombo vyake. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema, "Ndiyo, Baba. Ni mafuta."

Unajua kwa nini. Jackline alikuwa kidato cha pili, anakaa kwako, wewe na Blandina mnamlisha na kumvisha. Mume wangu alikwisha kuondoka. Kama ningesema, Baba asingekuruhusu ukanyage uwanja huu, na mwanangu angerudi na sanduku lake. Nilijiambia nitasema akimaliza kidato cha nne. Alipomaliza nikasema akimaliza chuo. Baba akafa kabla.

Na watu walimwita Mzee Kidumu, Vitus. Ulikuwa mbali hukuwa unalisikia kila siku. Mzee Timotheo ndiye aliyelianzisha, kwa utani wa wazee wa rika moja, kisha watoto wakalidaka. Baba alicheka nao. Mimi nilikuwa pale napepeta mchele, nasikia kwa masikio mazima.

Kwa hiyo usidhani niliandika Oktoba kwa sababu ya bei. Waya wa boneti haukukatika. Nilitaka wewe uanze kusema, ili mimi nisiwe wa kwanza. Hata hapo nilikuwa najificha nyuma yako.

Abdulkarim nimemwambia kwamba injini si yake. Alishukuru. Amesema bodi, siti, dashibodi na kadi bado ni vya kweli, atatoa milioni saba. Nimekubali. Atakuja na lori Jumamosi ya tarehe tisa Machi, saa nne asubuhi. Watu watakuwapo, unajua Ilula. Mzee Timotheo atakuwapo pia, ameshaniambia kwa kuniandikia kwenye karatasi kwamba anataka kuliaga gari la mwenzake.

Uje. Sikupangii la kufanya.

Severina


Ilula, 12 Machi 2024

Vitus,

Uliondoka bila kuaga, nami sikulaumu. Jackline ananisaidia kufunga vyombo. Kesho kutwa lori la Mafinga linakuja.

Nakuandikia kukuuliza. Lori la Abdulkarim lilikuwa linanguruma, watu wamejaa uwanja mzima, mimi nimesimama upande wa jiko. Nilikuona umepanda kwenye ngazi ya lori, ukavua koti. Niliona midomo yako inatembea, lakini sikusikia hata neno moja. Niliona dereva anazima injini. Niliona wale wanawake wa kwaya wanatazamana, na Mzee Timotheo akivua kofia yake, akakusogelea mkasemezana. Kisha watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila kuniaga, na wewe ukapita nyuma ya nyumba kuelekea barabarani.

Niliwauliza wawili watatu. Wananiambia, "Mambo yamekwisha, mama." Jackline alikuwa ndani anapika.

Niandikie ulichosema. Na uniambie kama ulinitaja. Naona aibu kuuliza, lakini usiku silali kwa ajili hiyo.

Severina


Mbeya, 18 Machi 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefika salama. Nimemweleza Blandina yote usiku niliporudi. Hakugombana. Aliniuliza tu kama harusi yetu ililipwa kwa injini, nikamwambia duka ndilo, akainuka akaenda kulala na watoto. Bado analala huko.

Nilichosema ni hiki, nakiandika kama kilivyotoka. "Ndugu zangu, mimi ni Vitus, mtoto wa Bartholomeo Kalinga. Gari hili baba yangu hakuliua. Mafuta ya kidumu hayakuliua. Niliiba injini yake akiwa hospitali, nikaiuza, nikaweka mbovu, kisha nikamwambia kosa ni lake. Aliishi miaka sita akiamini hivyo, nanyi mkaamini. Hakuwa bahili na hakuwa mzembe. Namwombea radhi kwenu kwa sababu yeye mwenyewe siwezi kumwomba."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengine, sikuyapata.

Mzee Timotheo alinisogelea. Nilidhani atanipiga, nami nilikuwa tayari. Aliniuliza, "Aliwahi kujua?" Nikasema hapana. Akasema, "Mimi nilimtania mpaka wiki aliyokufa. Nilikwenda kumwona kitandani nikamwambia, Kidumu, amka twende. Ndilo neno langu la mwisho kwake." Kisha akasema, "Ungekuwa mwanangu nisingejua nikufanye nini." Ndiyo hayo tuliyosemezana.

Sikukutaja. Hukuiba kitu. Na Jackline alikuwa ndani.

Fedha za gari usinitumie hata shilingi.

Vitus


Mafinga, 26 Machi 2024

Mdogo wangu Vitus,

Nimehamia. Nyumba ya Jackline ni ndogo na safi, inanukia mbao, na asubuhi kuna ukungu mpaka saa tatu. Amenipa chumba chenye dirisha la barabarani. Mpe Blandina salamu zangu, na usimharakishe.

Asante kwa kuniandikia. Uliposema hukunitaja nilipumua, na kule kupumua kukanifedhehesha kuliko kitu chochote tangu Oktoba. Jackline nimemwambia. Alilia, si kwa hasira, akasema angerudi nyumbani kwa furaha, lakini mimi sikuwahi kumuuliza.

Jumapili nilipanda basi nikarudi Ilula. Nilimkuta Mzee Timotheo nje ya nyumba yake baada ya misa. Nilimwambia kila kitu: fundi Zabron, namba, na kwamba miaka minne nilisikia akimwita Baba jina lile nami nikijua, na ningeweza kumzuia kwa sentensi moja. Nilikuwa natazama midomo yake. Aliinuka akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilikaa kwenye benchi lake. Mkewe alitoka akaniletea uji, akaingia tena. Niliunywa, nikaosha kikombe pale bombani, nikakiweka juu ya benchi, nikaenda kupanda basi.

Jumapili ijayo ni Pasaka. Nitakwenda tena. Kama unaweza, tukutane Ilula stendi saa tatu, twende wote wawili.

Dada yako,
Severina